Jua Lililolala katika Tangi la Mama

Kwetu Kamembe humpi mtu kitu cha kunywa kabla hujakionja wewe mwenyewe. Akija mwanamke wa Gashonga na kibuyu cha maji ya ndizi, hata kama ni cha kuuza, atamimina kidogo kikombeni, atakunywa mbele yako, ndipo akupe. Wanyarwanda wana neno lao la jambo hilo, gusogongera, na sisi Waislamu wa mtaani, tunaosema Kiswahili nyumbani na Kinyarwanda sokoni, tuliichukua desturi hiyo nzima nzima. Mama yangu aliipeleka mpaka kwenye chai na maji ya kunawa. Mgeni ameshaketi, birika linafuka, na Mama anajimiminia funda moja kwanza, anapiga bismillahi, anakunywa, anaashiria kwa kichwa kwamba ni salama, halafu anamhudumia mgeni. Ukimletea yeye zawadi ya kinywaji, atakutazama tu mpaka uonje. Nilipokuwa mtoto niliona hiyo ni adabu ya kuchosha, hasa siku ambazo uji ulikuwa unapoa.

Sasa mimi ni profesa wa uhandisi katika nchi ya baridi, na kazi yangu ni kuhifadhi joto. Watu wakisikia nimetoka Rwanda hupenda niwasimulie kwamba niliota kazi hii tangu utotoni, nikiwa nimekaa karibu na moto wa mama. Uongo mtupu. Nilipopata nafasi ya masomo ng'ambo, nafasi ilikuwa ya mambo ya joto. Ingekuwa ya madaraja, leo ningekuwa nawaandikia habari za madaraja. Lakini uongo huo una chembe ya kweli, na chembe yenyewe ni kifua cha Mama.

Baba alikuwa fundi wa mbabula, yale majiko ya bati ya makaa. Alikata mapipa makuukuu, akayagonga kutwa nzima nyuma ya nyumba, na majiko yake yalivuka daraja la Rusizi kwenda Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kwenye vichwa vya akina mama. Nyumbani tulikuwa na jiko lake la kwanza, limepinda upande mmoja, na Mama hakukubali kamwe libadilishwe. Alfajiri ukungu ulipanda kutoka ziwa Kivu ukaingia uani, baridi ikatushika miguu, na yeye alikuwa ameshainama juu ya jiko lile akipuliza. Maji ya Baba ya udhu kwanza. Halafu maji yetu ya kuogea kabla ya shule, katika beseni la bati lenye maua mekundu. Halafu chai. Na katikati ya hayo yote, kukohoa. Kikohozi chake kilikuwa saa yetu ya kuamkia. Tulikisikia kabla ya adhana.

Baba alifariki nikiwa sekondari. Mama aliendelea na biashara yake ya vitenge upande ule na upande huu, akatusomesha mimi na mdogo wangu, na jiko likabaki pale pale. Mimi nikaondoka. Nikaenda mahali ambapo unageuza kitufe ukutani nyumba inapata joto, na wala hujui joto limetoka wapi. Siku za mwanzo nilikuwa nikioga maji ya moto mpaka ngozi inakunjamana, na kila mara, nikiwa chini ya maji yale, nilimwona Mama ameinama. Sikuweza kuoga kwa raha. Mpaka leo naoga haraka haraka, mume wangu hunicheka.

Tatizo la jua kila mtu analijua: linakuja mchana, na sisi tunataka maji ya moto alfajiri. Mimi na wenzangu tulitumia miaka mingi kwenye chumvi. Si chumvi ya kutia mchuzini. Ni aina ya chumvi ambayo ikipata joto inayeyuka, na inapoyeyuka inameza joto jingi ajabu. Ikianza kuganda, inalirudisha polepole, usiku kucha. Ukilizungushia tangi la maji koti la chumvi hiyo, maji yaliyopashwa na jua la mchana huu yanakuwa bado ya moto kesho asubuhi. Ni rahisi kusema. Kuifanya ikubali kuyeyuka na kuganda tena na tena bila kuharibika, hapo ndipo nywele zangu zilipogeuka mvi.

Siku tulipopata tangi la kwanza la kuaminika, wenzangu walitaka tulijaribu kwenye hosteli ya wanafunzi karibu na chuo. Niliwaambia moja litaenda Kamembe. Wakasema tunahitaji mahali penye baridi. Nikawaambia waje wasimame uani kwetu alfajiri mwezi wa sita, bila soksi, halafu tuzungumze. Mimi nina hasira za karibu, wananijua. Tangi likapakiwa.

Nilirudi nyumbani kiangazi hicho kwa wiki mbili, na karibu wiki nzima tangi lilikaa forodhani. Lilipotoka, mimi na fundi bomba wa mtaani tulipanda juu ya paa tukafanya kazi mpaka mabega yakatuuma. Mama alikuwa chini, mkono kiunoni, shingo imenyooka juu, akitupa amri. Fundi hakuruhusiwa kupanda ngazi kabla ya kunywa chai. Mama alipoona sahani nyeusi ya kioo ya kunasa jua imelala juu ya mabati, na tangi limekaa pembeni yake, akauliza kwa Kiswahili chetu cha mpakani, ambacho "ndiyo" yake ni "njo":

"Hii jua njo italala mule ndani?"

"Italala, Maman."

"Na asubui itaamuka?"

"Itaamka kabla yako."

"Kabla yangu?" Akacheka mpaka akakohoa. "Hakuna muntu anaamukaka kabla yangu mu hii nyumba."

Tulimaliza siku ya mwisho, jioni, jua likiwa limeshaelekea Bukavu. Maji yalikuwa baridi bado. Chumvi inataka siku mbili tatu za jua zuri kabla haijayeyuka yote, na gari la kunipeleka Kigali lilikuwa linakuja alfajiri. Kwa hiyo asubuhi ile Mama aliniwekea maji jikoni kama zamani, kwenye mbabula ya Baba, akakohoa kama zamani, na mimi nikaoga katika beseni la maua mekundu huku tangi langu la kisasa likiwa juu ya kichwa changu, limejaa maji ya baridi. Tulicheka sote watatu, mimi, Mama na mdogo wangu. Mlangoni nilimwambia Mama, "Kesho kutwa utafungua bomba lile utaona maajabu." Akanishika mashavu, akasema sawa.

Ndani ya tangi niliacha kipimajoto chenye laini ya simu. Kila baada ya muda kilituma kipimo mpaka maabara kwetu, na kwenye kompyuta yangu kikawa mstari: unapanda mchana, unalala usiku ukiteremka kidogo tu, unapanda tena. Wenzangu waliutazama kwa ajili ya utafiti. Mimi niliutazama kwa sababu ulitoka nyumbani. Nikifika kazini, kabla sijavua koti, nilikuwa naufungua. Mstari ukichelewa kupanda, nilijua kuna ukungu ziwani na Mama amejifunga kanga ya pili. Ukikatikakatika mchana, nilijua mawingu yanapita juu ya Giheke yakija kwetu, na nguo zimeanuliwa. Nje ya dirisha langu kulikuwa na theluji, na mimi nilikuwa nimekaa na jua la Kamembe mkononi, siwezi kuligusa. Sijui nieleze vipi hamu ile. Nilikuwa natamani hata harufu ya sambaza, dagaa wa Kivu, zinazokaangwa kwa jirani, ambayo nilipokuwa pale nilikuwa naizibia pua.

Kwenye simu nilikuwa nauliza, "Maman, maji vipi?"

"Mayi iko, mwanangu. Iko ya moto sana. Mungu akubariki."

Basi moyo wangu ulitulia. Niliwaambia watu kwenye mikutano kwamba mama yangu mzazi ameacha makaa. Nilionyesha mstari wake ukutani, mkubwa kama pazia, na watu walipiga makofi, kwa maana hakuna tangi letu lolote lililoshika joto kama lile. Matangi ya hosteli yalikuwa yanashuka ghafla asubuhi na jioni. La Mama halikushuka hivyo kabisa.

Kiangazi kilichofuata sikwenda, kulikuwa na mtoto mchanga. Kilichofuata tena kulikuwa na ripoti. Kila mwaka nilisema mwaka ujao, na kila mwaka nilisema kweli.

Kisha akaja mwanafunzi mmoja wa shahada ya juu, kijana mpole asiyejua kuzungusha maneno. Alikuwa amepewa kazi ya kulinganisha matangi yote. Akaja ofisini na karatasi mkononi, akaniuliza, "Profesa, mtu wa nyumba hii huwa anaoga?"

Nilitaka kumrushia kikombe. Nikamwuliza kama amekuja kunitukania mama. Akawa mwekundu mpaka masikioni, lakini hakuondoka. Akaweka karatasi mezani, akaelekeza kidole. Mtu akifungua bomba, maji baridi yanaingia kujaza, mstari lazima ushuke ghafla, hata kidogo. Huu haujawahi kushuka hivyo. Nami nilikuwa nalijua hilo kuliko yeye, ndilo ninalofundisha mwaka wa kwanza. Alipotoka, nikampigia mdogo wangu, aliyekuwa akiishi kwa Mama pamoja na mume na watoto wake.

Nilimwuliza habari za tangi, naye akaniita Yaya, dada mkubwa, kama anavyoniita siku zote. Kisha akasema, "Yaya, usikasirike. Ile robine ya tangi Maman aliifunga na kitambaa."

"Aliifunga kwa sababu gani?"

"Anasema wewe haujaonja bado. Mwenye kuleta njo anaonjaka wa kwanza. Kila asubui anawasha makala, anasema ile mayi ni ya Yaya."

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia ampe Mama simu. Mama alikuja, na kabla sijasema neno akaanza kunisalimia kwa utaratibu wote: mume, mtoto, baridi, kazi. Nikamkatiza, jambo ambalo kwetu halifanywi.

"Maman, fungua lile bomba. Leo hii."

"Aaa. Umesikia." Akacheka kidogo. "Mwanangu, mayi haiozaka. Itakungojea."

"Na kifua chako? Na makaa?"

"Kifua ni yangu, robine ni yako."

"Basi mdogo wangu aonje badala yangu!"

"Njo yeye alileta?"

Nilieleza. Nilimfafanulia mama yangu mambo ya chumvi kama vile nipo mbele ya darasa, nikamwambia nimelitengeneza kwa ajili yake, kwa ajili ya kifua chake, na kila asubuhi anayoinama juu ya jiko ananiua. Alinisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akasema kwa upole, kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia tulipokuwa na homa:

"Kuya, mwanangu. Utakoga, utatoka, na mi nitaingia nyuma yako."

Ndipo nilipoelewa, na hasira ikaniishia yote. Alikuwa haogopi maji wala hadharau kazi yangu. Alikuwa amepata kitu kimoja cha kunivuta nacho, na alikuwa amekishika kwa mikono miwili. Angeweza kuniambia nimekukumbuka, njoo. Lakini Mama hakuwa mtu wa kusema maneno hayo. Alikuwa mtu wa kufunga kitambaa.

Nikakata tiketi wiki ile ile. Nisingeweza kuondoka kabla ya mitihani, kwa hiyo ilikuwa ya kiangazi, na wakati huo mvua za masika zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza. Nikampigia kumwambia tarehe. Aliirudia kwa sauti kubwa ili watu wa nyumba nzima wasikie. Mdogo wangu aliniambia baadaye kwamba siku ile ile alikwenda kununua kigoda kipya cha bafuni, cha mti, kwa sababu cha zamani kilikuwa kimelegea mguu na "Profesa asije akaanguka."

Tangu siku hiyo tulikuwa na mchezo wetu. Nikipiga simu, nilisema, "Naona leo maji yako yamepata moto," naye alijibu, "Si yangu." Niliutazama ule mstari usioshuka kwa jicho jingine. Zamani nilikuwa najivunia chumvi yangu. Sasa nilikuwa naona mwanamke mmoja ananisubiri mchana na usiku, na kila siku jua linamsaidia.

Asubuhi moja masika yakiwa bado hayajaisha, nilikuwa na somo la saa mbili. Simu, niliyokuwa nimeizima sauti tangu usiku, niliiacha ndani ya koti, koti likiwa ofisini, kama kawaida yangu. Somo lilikwenda vizuri, nilikuwa na furaha, nikarudi ofisini na kahawa yangu, nikafungua kompyuta.

Mstari ulikuwa umeshuka.

Haukushuka kidogo. Uliporomoka, kama mstari wa hosteli asubuhi ya Jumatatu, ukaendelea kuporomoka mbele ya macho yangu. Mtu alikuwa amefungua bomba na ameliacha wazi. Nilipiga kelele. Nilimwita yule kijana mpole kutoka chumba cha pili, nikamwonyesha kwa kidole, nikamwambia, "Tazama! Anaoga! Mama yangu anaoga!" Naye akafurahi kwa dhati, akanipa mkono. Nilikuwa nacheka. Nilikuwa nawaza kwamba nimemshinda Mama, kwamba amechoka kungoja, na nilikuwa nimeshatunga maneno ya kumtania: kumbe maji yalikuwa yako. Nikachukua koti nitoe simu.

Simu ilikuwa imejaa jina la mdogo wangu.

Mama alikuwa ameamka kabla ya adhana kama siku zote. Aliketi kitandani avae kanga, akasema kifua kimebana, na adhana ilipokwisha naye alikuwa amekwisha. Kwetu maiti hangojewi. Huzikwa siku ile ile, na watoto walioko ng'ambo huzikiwa wazazi wao kwa simu. Sote tulioondoka tunalijua hilo, na hatulisemi. Mwenye haki ya kwanza ya kumwosha mama ni binti yake. Mabinti tulikuwa wawili, na mmoja alikuwa darasani akifundisha jinsi joto linavyosafiri.

"Bamama balisema tutafute mayi ya vuguvugu," mdogo wangu aliniambia. "Mvua ilinyesha asubui, makala yote ililowa. Tulipuliza, ikakataa. Basi mi nikaenda nikafungua kile kitambaa, Yaya. Sikujua nifanye namna gani. Utanisamehe?"

Nilimwambia amefanya vema. Kwenye kompyuta mstari ulikuwa bado unashuka, na nikajua kwamba wakati ule ule, huku tukizungumza, wanawake walikuwa wanammwagia, upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, maji yenye majani ya mkunazi, na ya mwisho yenye kafuri. Yule kijana alikuwa bado amesimama mlangoni na tabasamu lake, hajui. Nilibaki nimeshika simu mpaka mstari uliposimama. Jana yake jua lilikuwa limewaka kwetu mchana mzima, nililiona mwenyewe likipanda, na Mama alikuwa amekaa uani akiliota. Kwa hiyo alioshwa na jua alilokuwa ameliota mwenyewe siku moja kabla. Nasema hivi kama mhandisi, kwa sababu ndivyo lile tangi lilivyotengenezwa. Kama mtoto wake sina la kusema.

Nilifika siku chache baadaye, udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi. Nilisalimiwa na mtaa mzima, nikala nilichopewa, nikalala kitandani kwake. Asubuhi niliamka kwa sababu hakukuwa na kikohozi. Ukungu ulikuwa uani. Mbabula ya Baba ilikuwa pembeni, imepinda vilevile, haina moto, na mdogo wangu alikuwa amesimama karibu na mlango wa bafu. Kile kitambaa, kipande cha kitenge cha kijani, kilikuwa kimekunjwa vizuri juu ya bomba.

"Ingia, Yaya," akasema. "Maman alishaonja."

Kigoda kipya kilikuwa ndani, hakuna aliyekuwa amekikalia. Nilikaa. Nilifungua bomba, na maji yakatoka ya moto kabisa, kiasi kile kile nilichokuwa nikikisoma kila asubuhi nikiwa mbali. Kwa mara ya kwanza tangu niondoke nyumbani sikuoga haraka. Nililia kwa sauti na sikujali nani anasikia. Nilimwita Mama, nikamwambia nimekuja, na kwa kitambo nikawa kweli nasubiri aingie.

Kisha nikafunga bomba wakati maji yalikuwa bado ya moto, nikajifunga kanga yake, nikafungua mlango.

"Nimemaliza," nikamwambia mdogo wangu. "Ingia nyuma yangu."